Lori Linapimwa Uzito. Breki Zake Nani Anazipima?

Ajali kubwa za malori katika miteremko ya Afrika Mashariki huja na maelezo yanayofanana: breki zilifeli, dereva akashindwa kulimudu gari, likaparamia waliokuwa mbele yake. Februari 24, 2024, pale Ngaramtoni Kibaoni, nje kidogo ya Jiji la Arusha, lori liliyagonga magari mengine matatu na watu 25 wakapoteza maisha. Hitilafu ya breki ndiyo iliyotajwa. Miezi minane kabla ya hapo, Juni 30, 2023, kwenye makutano ya Londiani nchini Kenya, lori lilimshinda dereva likawasomba wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara, na waliokufa walizidi 50. Baada ya kila msiba wa namna hii tunazika, tunatoa rambirambi, tunataka dereva ashitakiwe, kisha tunasubiri mwingine. Hoja ya makala haya ni kwamba breki za lori zito hazifi ghafla, isipokuwa kwa nadra sana. Hupungua milimita kwa milimita, kwa majuma na miezi, na upungufu huo unapimika kwa rula ya mwanafunzi na kipande cha chaki. Anayetaka kuujua anaujua kabla lori halijafika mlimani. Sisi hatupimi, na wachache wanaopima hawaandiki walichokiona.

Lawama nyingi zinazotolewa baada ya ajali zinatokana na kudhani kwamba breki za lori ni breki za gari dogo zilizokuzwa. Katika gari dogo, mguu wa dereva husukuma mafuta na mafuta husukuma pedi. Mafuta yakivuja, pedali huzama na mguu hujua. Lori zito linatumia upepo. Kompresa hujaza mitungi, dereva akikanyaga vali hufunguka, na upepo huenda kwenye chemba iliyofungwa karibu na kila gurudumu. Ndani ya chemba kuna mpira mpana unaosukuma fimbo ya chuma. Fimbo hiyo imeshika mkono ambao mafundi wanauita slaki, slaki huzungusha shafti yenye ncha ya umbo la S iitwayo kamu, na kamu hiyo hutanua viatu viwili vya breki mpaka lainingi zake, yaani bitana zinazoshika, zibane ukuta wa ndani wa dramu, ile ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu. Chemba iliyozoeleka kwenye ekseli za nyuma na za tela ni ya namba 30, maana yake mpira wake una eneo la inchi 30 za mraba. Upepo ukifika bar 7 hivi, fimbo husukumwa kwa nguvu inayozidi uzito wa tani moja. Nguvu hiyo inatosha na kubaki, ila ina masharti: fimbo lazima iwe na nafasi ya kutembea.

Nafasi hiyo ni ndogo. Fimbo ya chemba ya kawaida ya namba 30 hutoka milimita 64 tu, ikifika hapo imegota. Lainingi inavyolika, viatu vinakwenda mbali zaidi kuifikia dramu, na fimbo nayo hutoka zaidi. Ndiyo maana wakaguzi wa Marekani na Kanada wameweka kikomo cha milimita 51 kwa chemba hiyo. Ile yenye fimbo ndefu inaruhusiwa mpaka 64. Ukivuka kikomo, nguvu inayofika kwenye lainingi hushuka upesi, na fimbo ikigota, upepo wote unalisukuma bati la chemba yenyewe huku lainingi ikiigusa dramu kwa mbali au isiiguse kabisa. Dereva hana namna ya kulijua hilo akiwa kwenye kiti. Mguu wake unafungua vali tu, na vali haijui kama kiatu kimefika kwenye dramu au hakikufika. Ugumu wa pedali ni uleule, geji ya upepo inasoma vilevile. Tena kwenye barabara tambarare breki hiyo inaonekana nzima, kwa kuwa ukikanyaga kidogo fimbo haihitaji kwenda mbali. Lori lililopakia shaba kutoka Zambia au Kongo linaweza kupita Makambako na Mafinga likisimama vizuri kwenye kila tuta, na dereva akaapa kwa mama yake kwamba gari halina neno. Akianza kuushuka mlima Kitonga mkoani Iringa ndipo anapolazimika kukanyaga kwa nguvu na kwa muda mrefu, na hapo fimbo inaombwa milimita ambazo haina.

Kuna imani moja inayostahili kuondolewa njiani mapema, kwamba lori hufeli breki kwa sababu upepo umeisha. Upepo ukiisha, lori hujifunga lenyewe. Chemba za nyuma zina springi kubwa inayozuiwa na upepo. Shinikizo likishuka kiasi fulani, springi hufyatuka na kukaza breki. Kwa hiyo lori linaloporomoka mlimani mara nyingi lina upepo tele mitungini. Tena hata springi hiyo hupita kwenye fimbo ileile na slaki ileile. Kama fimbo haina nafasi ya kukaza breki za mguu, breki ya kuegesha nayo haitakuwa na miujiza. Dereva anayevuta breki ya mkono katikati ya mteremko anaomba msaada kwa mtu yuleyule aliyekwisha kumnyima.

Joto ndilo linalogeuza upungufu mdogo kuwa maafa, na hapa hesabu inasaidia kuliko maneno. Chukua lori la tani 56, ambao ndio uzito wa juu unaoruhusiwa na sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, lenye ekseli saba na hivyo dramu 14. Likishuka mita 300 kwenda chini, nishati inayopaswa kuondolewa ni kama megajuli 165. Dramu moja ina uzito wa kilo 50 hivi, zote pamoja kilo 700 za chuma cha kutupwa. Nishati yote hiyo ikiingia kwenye dramu, na zote zikigawana sawasawa, joto lake litapanda kwa karibu nyuzi 500. Kwa kweli haiingii yote, kwa sababu injini ikiwa kwenye gia ndogo inachukua sehemu kubwa, na upepo na msuguano wa matairi vinachukua nyingine. Ndiyo sababu ya kushuka kwa gia ndogo na breki ya ekzosti. Lakini sasa tuseme dramu saba kati ya hizo 14 hazifanyi kazi kwa kuwa fimbo zake zimelegea. Zile saba zilizobaki zinapokea mzigo wa wenzake wote. Breki nzima ndizo zinazoungua. Fundi anayekagua mabaki ya ajali akakuta dramu zilizobadilika rangi kwa moto asiishie kuwaza kwamba breki hizo ndizo mbovu. Huenda ndizo pekee zilizokuwa zinafanya kazi, na kisa chenyewe kiko kwenye magurudumu ambayo dramu zake zimebaki baridi na zimejaa kutu.

Joto lina hila nyingine. Chuma kikipata moto hutanuka. Dramu yenye kipenyo cha milimita 420 hivi, ikipanda nyuzi 400, huongezeka kipenyo kwa takriban milimita 1.8. Zinaonekana si kitu. Ila slaki ni mkono mrefu unaozungusha kamu ndogo, na kwa uwiano wake, kiatu kikisogea milimita moja fimbo husogea zaidi ya sentimita moja. Lori lililopimwa likiwa baridi likakutwa na fimbo inayotoka milimita 50 liko ndani ya kikomo kwa maandishi, na mkaguzi hana kosa la kuandika. Likifika katikati ya mteremko, sentimita hiyo ya ziada inaipeleka fimbo kwenye ukuta. Papo hapo lainingi yenyewe inapoteza ushikaji kwa sababu ya joto. Dereva anakanyaga zaidi, kukanyaga kunaongeza joto, na joto linaongeza urefu wa safari ya fimbo. Ndiyo maana mtu makini haridhiki na jibu la "imepita" au "haijapita". Anataka namba, maana kati ya milimita 38 na 50 kuna tofauti ya mlima mzima.

Kuipata namba hiyo hakuhitaji maabara. Lori linaegeshwa mahali tambarare, matairi yanawekewa vigingi, breki ya kuegesha inaachiwa, injini inazimwa upepo ukiwa kati ya bar 6.2 na 6.9. Utingo anaingia uvunguni na chaki, anachora alama kwenye fimbo pale inapotokea kwenye chemba. Dereva anakanyaga pedali mpaka mwisho na kuishikilia. Alama inasogea mbali na chemba, utingo anaweka rula, anasoma: 41. Anahamia gurudumu la pili: 44. La tatu: 57. Hapo ndipo pa kusimama. Akiwa bado uvunguni anachungulia kwenye tundu la ukaguzi la bati la nyuma na kutazama unene wa lainingi. Lainingi mpya ya ngoma kubwa ina unene wa milimita 19 hivi. Kanuni za Marekani zinataka ibadilishwe kabla haijashuka chini ya milimita 6.4 katikati ya kiatu, na 4.8 kwa ekseli ya mbele. Anatikisa slaki kwa mkono kuona kama pini na bushi zimelegea, anaangalia kama kuna grisi iliyopenya ikalowesha lainingi, na kama bomba la chemba fulani limebanwa kwa waya ili upepo usivuje. Hili la mwisho linafahamika vizuri gereji. Chemba ikitoboka safarini, njia rahisi ya kufika ni kuliziba bomba lake, na njia rahisi ikishazoeleka, tela linaweza kutembea na breki tano kati ya sita, kisha nne, na karatasi zote zikisema sita.

Namba zikishapatikana, kazi ya pili ni kuziandika, na hii ndiyo inayopuuzwa zaidi. Kipimo kimoja kinakueleza hali ya leo. Vipimo vitano vya gurudumu lilelile vinakueleza tabia yake. Chukua mfano wa lori ambalo kila baada ya kilomita 10,000 linapimwa lainingi. Magurudumu mengi yanapoteza milimita moja kila mara, moja linapoteza tatu, na jingine halipotezi chochote. Wamiliki wengi watalilalamikia lile linaloisha haraka na kulifurahia lile lisiloisha, kwa sababu linaokoa gharama. Ukweli uko kinyume. Lainingi isiyolika katika lori linalofanya kazi kila siku kwa kawaida haigusi dramu. Gurudumu hilo linasindikiza wenzake. Lile linaloisha haraka ama linaburuta kwa sababu kamu imeshikana, ama ndilo linalobeba kazi ya mvivu. Hakuna jicho la fundi, hata awe na uzoefu wa miaka 30, linaloweza kuona hayo kwa kuchungulia mara moja. Yanaonekana kwenye daftari.

Tukitaka kujua kama jambo hili linawezekana kwetu, tutazame tulivyofanya kwa uzito. Lori linalotoka bandarini Dar es Salaam kwenda Tunduma, mpakani na Zambia, linapanda mizani Vigwaza, Mikumi, Makambako na kwingineko. Kila ekseli inasomwa, namba inaingia kwenye kompyuta, risiti inatoka, na anayezidisha anatozwa. Tuliamua kwamba lami ni mali ya umma na kwamba uharibifu wake unakuja kidogo kidogo kwa kila ekseli, kwa hiyo tukajenga majengo, tukaajiri watu, tukatunga sheria ya kikanda ya mwaka 2016, na tangu mwaka 2019 Tanzania ikaanza kuitekeleza. Hoja ya kulinda lami ni sahihi. Lakini lori lilelile linapanda mizani likiwa na fimbo imetoka milimita 60 kwenye magurudumu manne ya tela, linapokea risiti safi, na linaendelea kuelekea mteremkoni kwa baraka zote. Mizani inajua tani ngapi zinashuka. Haijui kitakachozizuia.

Upande wa breki tumebaki na ukaguzi wa macho na stika. Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani inafanya kazi nzuri ya kuwakumbusha watu, na askari wa usalama barabarani wanaoingia uvunguni kwenye vituo vya ukaguzi wanastahili shukrani, si kejeli. Ila stika inasema kwamba siku fulani gari lilitazamwa. Lori la masafa marefu linaweza kumaliza milimita kadhaa za lainingi kabla stika haijafifia rangi. Kasoro inayokua kila siku haiwezi kusimamiwa na tukio la mara moja kwa mwaka.

Pingamizi la kwanza, na lenye nguvu kuliko yote, ni kwamba dereva ndiye chanzo. Anashuka na gia huru, ile wanayoiita fri, ili aokoe dizeli, anakimbiza muda, analala usukani. Ushahidi upo, na si wa hapa tu. Utafiti mkubwa wa serikali ya Marekani uliochunguza ajali 963 za malori za kati ya mwaka 2001 na 2003 ulikuta kwamba, pale ambapo tukio lililosababisha ajali lilihusishwa na lori, asilimia 87 lilitokana na dereva na asilimia 10 na gari. Wamiliki wanaipenda sana namba hiyo ya kwanza. Utafiti huohuo ulikuta matatizo ya breki katika asilimia 29 ya malori yaliyohusika. Namba hizo mbili hazigombani. Dereva akichelewa kukanyaga kwa sekunde moja, kosa ni lake; kama sekunde hiyo itazaa mshituko tu au mazishi, hilo linaamuliwa na breki alizokabidhiwa. Na dereva anayeshuka na fri anafanya kosa baya zaidi akiwa na fimbo zilizolegea kuliko akiwa na fimbo zilizo sawa. Kumfunga dereva bila kuuliza fimbo zilikuwa zinatoka milimita ngapi ni kuusikiliza upande mmoja wa kesi. Sisemi hivi kuwatetea wanaoendesha kwa fujo. Nasema kwamba tabia ya mtu ni ngumu kuipima asubuhi kabla ya safari, ilhali fimbo inapimika.

Pingamizi la pili linatoka kwa wenye magari mapya: siku hizi slaki zinajikaza zenyewe, mambo ya chaki yamepitwa na wakati. Ni kweli kwamba slaki za kujikaza ni hatua kubwa. Marekani ilizilazimisha kwa malori mapya ya breki za upepo kuanzia Oktoba 1994, na malori mengi yanayoingizwa kwetu yanazo. Ila uzoefu wa huko ndio unaopaswa kututia hofu. Aprili 2003, katika mji wa Glen Rock, jimbo la Pennsylvania, lori la tipa lenye slaki za kujikaza lilishindwa kusimama kwenye mteremko na kuua. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya nchi hiyo, NTSB, katika ripoti yake ya mwaka 2006, ilionya kwamba kuzikaza kwa mkono slaki zinazopaswa kujikaza zenyewe ni hatari, kwa sababu kunaficha ugonjwa. Slaki ya namna hiyo ikikutwa imelegea kupita kikomo, kuna kitu kimeharibika: utaratibu wake wa ndani umechoka, pini imelika, bushi za kamu zimeachia, au ilifungwa vibaya tangu mwanzo. Fundi anayeingia uvunguni na spana, akaikaza, akatoka, amerudisha milimita kwa safari mbili tatu na kuuacha ugonjwa palepale. Mbaya zaidi, kitendo hicho kinaonekana ni uangalifu. Utingo anayekaza breki kabla ya mlima anasifiwa kwa bidii, na kwa slaki za zamani za mkono alistahili sifa hizo. Kwa slaki za kisasa, bidii hiyo hiyo inafuta ushahidi. Daftari ndilo linaloweza kuwatofautisha wawili hawa. Gurudumu lilelile likivuka 51 mara ya pili ndani ya mwezi mmoja, swali halipaswi kuwa limekazwa au halijakazwa. Slaki ifunguliwe na kubadilishwa.

Wengine watasema tukanunue teknolojia. Vipo vitambuzi vinavyofungwa kwenye chemba na kumwonyesha dereva gurudumu gani fimbo yake imezidi, na malori mengi ya Ulaya yenye breki za diski hutoa onyo pedi zikikaribia kuisha. Anayeweza kununua anunue. Lakini kampuni nyingi za usafirishaji tayari zina vifaa vya kufuatilia malori kwa setilaiti na vitambuzi vya dizeli ndani ya matangi, na msimamizi aliyekaa ofisini anajua lita ngapi zimepungua dereva alipoegesha saa nane usiku. Hilo lilifanyika haraka kwa sababu dizeli inayoibwa ina bei. Breki haziibwi, zinaisha tu, na bei yake hulipwa na mtu mwingine aliyekuwa kwenye daladala. Kifaa bila mtu anayelazimika kuchukua hatua kitakuwa taa nyingine inayowaka kwenye dashibodi, na sote tunafahamu taa za dashibodi zinavyozoeleka. Isitoshe, kichwa cha lori kinaweza kuwa cha kisasa chenye diski na kompyuta, na nyuma yake kikavuta tela la ngoma lenye umri wa miaka 20. Onyo la kichwa halijui kinachoendelea kwenye tela.

Kuhusu muda na gharama sina mengi. Dereva analipwa kwa safari, kila saa ya kusimama anaiona ni hasara, na tajiri anamsukuma. Hata hivyo malori yale yale yanakaa foleni Tunduma kwa saa nyingi, pengine siku, na mengine yanalala bandarini yakisubiri mzigo. Chaki na rula havihitaji gereji. Lainingi mpya ni ghali, nakubali, ila ikifika milimita 6 itanunuliwa tu. Kuchelewesha kwa mwezi kunaokoa fedha kidogo na kuhatarisha dramu, ambayo ni ghali kuliko lainingi.

Kuna pingamizi moja ambalo silimalizi. Milimita zinapima unene, hazipimi ubora. Sokoni kuna lainingi bandia zenye sura nzuri na chapa ya kughushi, na lainingi ya milimita 18 isiyoshika ni mbaya kuliko ya 8 inayoshika. Rula haitaigundua siku ya kwanza. Daftari linaweza kuigundua baadaye, kwa kuwa lainingi laini kupita kiasi huonekana inavyoyeyuka kati ya kipimo na kipimo, na ile ngumu kama jiwe huonekana kwa kutopungua huku dramu ikichimbika. Kwa siku ya kwanza tunabaki tukitegemea viwango vya TBS na KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, uaminifu wa muuzaji, na mashine za rola zinazopima nguvu halisi ya breki kwa kila gurudumu. Mashine hizo zingekaa vizuri kabisa pembeni ya mizani, maana lori limekwishasimama pale, uzito wa kila ekseli umekwishajulikana, na nguvu ya breki ina maana ikilinganishwa na uzito huo.

Kabla mashine hazijafika, kuna jambo dogo linaloweza kuamuliwa na wenye malori wenyewe, nalo ni kadi ya kuandikia vipimo hivi ikae wapi. Ikikaa kwenye kichwa, haitasaidia sana, kwa sababu kichwa na tela huachana. Tela linaachwa bandari kavu, linavutwa na kichwa kingine cha mwenye mali mwingine, na dereva mpya analipokea usiku bila kujua historia yake hata chembe. Kadi ifungwe kwenye tela, ndani ya mfuko usiopitisha maji karibu na miguu ya kuegeshea, ikiwa na safu moja kwa kila gurudumu: tarehe, milimita za fimbo, milimita za lainingi, jina la aliyepima. Dereva anayeambiwa aliunganishe tela lenye kadi inayosomeka 57 kwenye gurudumu la nyuma kushoto atakuwa na kitu cha kumwonyesha bosi wake akikataa kuondoka. Na lori hilo likiondoka hivyo hivyo, jina la aliyeliruhusu litakuwa limeandikwa.